Mbwa wa Uani Aingiapo Chuo Kikuu

Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili amsomeshe mwanawe ana haki ya kushangaa aambiwapo kwamba kijana huyo, baada ya kufaulu vizuri Kemia na Bayolojia katika kidato cha sita, anataka kwenda chuo kikuu kujifunza habari za mbwa na paka. Ng'ombe hutoa maziwa, mbuzi hutoa nyama, kuku hutaga mayai. Lakini mbwa, kwa maoni ya wengi, hutoa kelele tu. Tena mbwa hupatikana bure. Huzaliwa chini ya ghala, hula makoko ya ugali, na afapo huletwa mwingine kutoka kwa jirani. Kitu kipatikanacho bure kinahitaji mwalimu wa chuo kikuu kwa sababu gani?

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusema kwamba mbwa ni rafiki wa binadamu. Jibu lianze na hesabu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka nchini Tanzania kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Makadirio mengine, ya mwaka 2015, yalihesabu vifo 59,000 kwa mwaka duniani kote, karibu vyote katika Asia na Afrika. Katika vifo hivyo vya binadamu, takriban 99 katika kila 100 chanzo chake ni mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 waumwao na wanyama washukiwao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mnyama aonekanaye hana thamani katika daftari la mifugo ndiye huyo huyo anayeandikwa katika daftari la hospitali. Kati ya madaftari hayo mawili pana elimu ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwenyewe.

Elimu iliyozaliwa kwa ajili ya ng'ombe

Sayansi ya Wanyama ni elimu ya kuwalisha, kuwazalisha, kuwatunza na kuielewa miili na tabia za wanyama waishio chini ya mkono wa binadamu. Haifai kuchanganywa na Udaktari wa Wanyama. Nchini Tanzania daktari wa wanyama husoma miaka 5 ili ajue kutambua na kutibu maradhi. Mwanasayansi wa wanyama husoma miaka 3, naye hushughulika zaidi na mnyama mwenye afya: ale nini na kwa kiasi gani, azae na nani, alale wapi, na kwa nini anatenda hivi badala ya vile. Hana ruhusa ya kupasua wala ya kuandika dawa. Wako wanafunzi waingiao katika somo hili wakidhani kwamba ni mlango wa uani wa kuufikia udaktari. Baadhi yao huligundua kosa lao wakiwa wamekwisha kuchelewa, na ingefaa walimu wa sekondari waliseme jambo hili mapema, kabla fomu hazijajazwa.

Somo lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya shamba. Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi ya serikali ili kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi, walimu wa vyuo hivyo waliwapima wanyama kwa mazao yao: lita za maziwa, kilo za nyama zipatikanazo kwa kila kilo ya chakula, idadi ya mayai kwa mwaka. Mbwa na paka hawakuwa na kipimo, kwa hiyo hawakuwa na nafasi. Hata hapa kwetu, tangu kilimo kilipoanza kufundishwa kwa shahada huko Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1960, na hata baada ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuanzishwa mwaka 1984, mhimili wa Sayansi ya Wanyama umekuwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Jambo hilo ni la busara katika nchi yenye wafugaji wengi. Huko Marekani, kwa upande mwingine, vyuo vikuu kadhaa, miongoni mwavyo Chuo Kikuu cha Illinois na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, vimelifanya kuwa tawi la pekee somo la wanyama wandani, yaani wanyama wanaofugwa ili waishi pamoja na watu, wawalinde au wawafariji, wala si kwa ajili ya kuchinjwa au kukamuliwa.

Tofauti kubwa kati ya tawi hili na lile la shamba ni kipimo cha mafanikio. Fahali wa nyama hulishwa ili akue upesi, na maisha yake hukatizwa kwa makusudi akiwa bado kijana. Mbwa hana siku ya kuchinjwa. Mavuno yake ni miaka atakayoishi akiwa na afya, na usalama wa watu waishio naye. Chakula kitakachompa ndama uzito wa haraka kinaweza kumpa mbwa unene utakaomuua mapema. Basi mtaalamu wa lishe ya mbwa hatafuti kilo, bali hutafuta miaka; na kama itakavyoonekana hapa chini, miaka hiyo ya mbwa ina faida ambayo mwenye mbwa mwenyewe haioni.

Mbwa wa kilo 16 na sufuria ya ugali

Somo la kwanza limsumbualo mwanafunzi ni kwamba mahitaji ya chakula hayaongezeki sawasawa na uzito. Mwaka 1932 Max Kleiber, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi huko Davis, alionyesha kwamba nishati itumiwayo na mwili wa mnyama akiwa amepumzika hufuata uzito wake uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu. Kwa vitendo, hesabu hufanywa hivi: chukua uzito kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha pili mara mbili mfululizo, jibu lizidishe kwa lenyewe mara tatu, kisha zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 16 anaifanya hesabu iwe rahisi. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, cha 4 ni 2. Na 2 mara 2 mara 2 ni 8. Nane mara 70 ni kilokalori 560 kwa siku. Mnyama wa kilo 81 kwa njia hiyo hiyo hupata 27 mara 70, yaani 1,890. Uzito umezidi mara tano, lakini nishati haijazidi hata mara nne.

Kilokalori hizo 560 ni za mbwa aliyelala. Mbwa anayezunguka uani usiku kucha na kuwafukuza nyani shambani mchana huhitaji karibu maradufu, tuseme 1,000. Unga wa mahindi wa gramu 100 una kilokalori zipatazo 360, kwa hiyo gramu 280 za unga, uliosongwa ugali, zinatosha kuifikisha nishati hiyo. Mwenye mbwa atatazama sufuria, atamtazama mbwa aliyeshiba, na atasema kazi imekwisha.

Hapo ndipo Kemia inapoanza. Mbwa huyo anahitaji kwa siku protini gramu 26 hivi na kalsiamu gramu 1 hivi. Gramu 280 za unga zina protini kama gramu 22, upungufu ambao kwa macho si mkubwa. Lakini protini ya mahindi ni maskini wa asidi amino mbili, lisini na triptofani, na mwili hujenga misuli kwa kadiri ya asidi amino iliyo haba kuliko zote, kama vile ukuta uishiavyo pale matofali yaishiapo hata kama saruji ingaliko. Ama kalsiamu, hesabu inatisha: unga wote huo hauna hata gramu 0.03. Juu ya hayo unga wa dona una fosforasi zaidi ya nusu gramu. Mifupa hutaka kalsiamu na fosforasi ziwe karibu sawa, au kalsiamu iizidi fosforasi. Hapa fosforasi imeizidi kalsiamu karibu mara ishirini.

Mwili hauwezi kuvumilia kalsiamu ya damu ishuke, kwa sababu moyo na neva huitegemea. Tezi ndogo zilizoko shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa iyeyushe sehemu ya kalsiamu yake na kuitia katika damu. Kwa hiyo damu ya mbwa wa ugali ikipimwa huweza kuonekana nzima kabisa, ilhali mifupa yake inakuwa kama boriti iliyoliwa na mchwa. Katika mbwa mkubwa hali hiyo huchukua muda kujitokeza. Mtoto wa mbwa, ambaye kwa kila kilokalori huhitaji kalsiamu mara tatu ya mkubwa, hupinda miguu katika miezi michache, huchechemea, na huvunjika mfupa kwa kuruka kizingiti tu. Watu husema karogwa au kakanyagwa na baiskeli.

Tiba ya jambo hili haitoki katika duka la chakula cha mbwa kilichoagizwa ng'ambo, ambacho kwa bei yake hakiwahusu watu wengi. Gramu 50 za dagaa wakavu, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, huleta protini karibu gramu 30 na kalsiamu gramu 1 au zaidi. Unga ukipunguzwa kidogo na dagaa wakachemshwa pamoja nao, mapengo mawili makubwa yameziba. Mlo huo bado si kamili, kwani vitamini na baadhi ya madini yanahitaji hesabu zao. Lakini umemtoa mbwa katika hatari iliyo karibu. Kupata jibu kama hilo, kwa vitu vilivyomo sokoni Morogoro, Kisumu au Bukavu, ni kazi halisi ya shahada hii, na ni kazi ambayo mtaalamu wa Illinois hawezi kuifanya kwa niaba ya mtu mwingine.

Jambo moja zaidi kuhusu mahindi. Katika nyumba nyingi mahindi yaliyoota ukungu hutengwa na kupewa mbwa. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya sumu hiyo iliwapata watu 317 na kuwaua 125. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na aflatoksini. Mbwa wa nyumba akianza kukataa chakula, kutapika na kuwa na macho ya manjano baada ya kulishwa mahindi ya namna hiyo, mtu mwenye elimu hiyo hataangalia sufuria ya mbwa peke yake, ataangalia pia ghala la familia.

Kwa nini mbwa anaweza na paka hawezi

Inaweza kuulizwa: iwapo mbwa ametokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi, mla nyama halisi, amewezaje kuishi kwa wanga? Jibu lilichapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Uppsala, Sweden, waliolinganisha jeni za mbwa 60 na mbwa mwitu 12. Mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza amilasi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunjavunja wanga. Mbwa wa nyumbani ana nakala kuanzia 4 hadi 30. Mbwa walioweza kufaidi mabaki ya jungu la wakulima waliishi na kuzaa kuliko wenzao, na kizazi baada ya kizazi jungu hilo likaandikwa katika jeni zao. Mbwa wa kaskazini ya mbali, walioishi na watu wasiolima, wana nakala chache. Historia ya kilimo, basi, inaweza kusomwa katika tumbo la mbwa.

Paka hakupita njia hiyo. Yeye ametokana na paka mwitu wa Afrika, alisogea maghalani kufuata panya, na hakuacha kula panya. Kwa hiyo mwili wake ulipoteza viwanda ambavyo haukuvihitaji. Hawezi kutengeneza vitamini A kutokana na rangi ya manjano iliyomo katika karoti au papai, na lazima aipate ikiwa tayari katika nyama na maini. Hata utamu wa sukari hauonji: mwaka 2005 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwamba jeni ya kionjo hicho katika paka imeharibika na haifanyi kazi.

Lililo zito zaidi ni habari ya arginini na taurini. Mwaka 1978 James Morris na Quinton Rogers wa Davis walionyesha kwamba mlo mmoja usio na arginini unatosha kumwugua paka vibaya katika muda wa saa chache, kwa sababu amonia itokanayo na protini hujaa katika damu yake bila njia ya kutoka. Taurini huua polepole. Mwaka 1975 ilijulikana kwamba paka aikosaye huharibika retina na kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake, pia wa Davis, waligundua kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka na kulegea walikuwa wamepungukiwa na taurini, ingawa walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyoandikwa kwamba ni mlo kamili. Walipopewa taurini mioyo yao ilipata nafuu. Watengenezaji wa vyakula walilazimika kuongeza taurini, na ugonjwa huo ukawa wa nadra. Kifo kilichokuwa kikidhaniwa ni cha majaaliwa kilikuwa ni kosa la mapishi.

Paka wa kwetu alishwaye uji na maziwa hupona kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba usiku anakwenda kujitafutia. Panya mmoja ana taurini ya kutosha. Mwenye nyumba amfungiaye paka ndani ili asipotee, huku akiendelea kumpa uji, amemwondolea dawa bila kujua.

Paka ana faida nyingine kwa mwalimu wa Bayolojia, nayo ni rangi zake. Jeni ya rangi ya chungwa imo katika kromosomu ya X. Ndiyo maana paka mwenye mabaka ya chungwa na meusi pamoja karibu daima ni jike. Kila baka ni kundi la seli lililozima X moja na kuiacha nyingine, jambo ambalo Mary Lyon alilieleza mwaka 1961. Darasa lisilo na hadubini linaweza kuliona uwanjani.

Majuma ya kwanza

Kuhusu tabia, mwanafunzi hufundishwa mambo mengi, lakini moja linazidi yote kwa umuhimu. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao katika kitabu mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuanzia juma la 3 hadi juma la 12 hivi baada ya kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea: katika muda huo hujifunza ni viumbe gani walio wenzake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa walilelewa katika uwanja wenye uzio bila kuwakaribia watu. Wale waliotolewa kwa juma moja tu katika majuma hayo walizoea watu. Wale ambao hawakuguswa mpaka juma la 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafundisha baadaye kulikuwa kazi ngumu mno.

Maana yake kwa nyumba zetu ni wazi. Mbwa aliyezaliwa chini ya ghala, asishikwe na mtu yeyote mpaka atakapofungwa kamba akiwa na miezi minne ili afanywe mlinzi, hatakuwa mkali kwa wezi peke yao. Atamwogopa kila mtu, na mbwa mwoga ndiye aumaye zaidi. Tena mbwa asiyeshikika hachanjiki. Mchanjaji akija kijijini, mbwa wa namna hiyo hukimbilia mahindini, na mwenyewe hurudi nyumbani na kamba mkononi.

Ni lazima kusema pia kwamba desturi hutofautiana. Katika mwambao, waumini wengi wa Kiislamu hufuata mafundisho yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na mbwa hawekwi ndani ya nyumba, ilhali paka huingia mpaka jikoni. Mtaalamu asiyeheshimu jambo hilo atafungiwa milango yote. Kumzoesha mbwa kwa watu hakudai aingie sebuleni. Sauti, chakula cha kila siku na mkono wa mtu mmoja uani vinatosha.

Siri ya 70 katika 100

Kila kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa hutaja lengo la kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Wengi hulichukua kama amri. Kumbe ni hesabu, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata.

Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu nyumba kwa nyumba katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa zaidi ya 1 lakini wasiofika 2. Ni ugonjwa wa kutisha lakini si mwepesi wa kuenea. Ikiwa mbwa mmoja huambukiza mbwa 1.5, ugonjwa utazimika pale theluthi moja ya mbwa wote watakapokuwa na kinga, kwani hapo kila mgonjwa atampata mmoja tu wa kumrithi au asimpate kabisa. Kwa jumla, gawanya 1 kwa idadi ya wanaoambukizwa, kisha toa jibu katika 1. Kwa 1.5 hupatikana 0.33, yaani 33 katika 100. Basi kwa nini 70?

Kwa sababu mbwa hufa. Chukua kijiji chenye mbwa 300, ambapo 210 wamechanjwa. Ikiwa katika mwaka mbwa 40 katika kila 100 hufa, na nafasi zao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa, mwisho wa mwaka waliochanjwa watakuwa 126 tu, sawa na 42 katika 100. Kijiji bado kiko juu ya mpaka. Lakini kama chanjo ingeanza na 40 katika 100, mwisho wa mwaka zingebaki 24, na ugonjwa ungepata njia. Lengo la 70 ni akiba iwekwayo ili kinga isikauke kabla wachanjaji hawajarudi.

Sasa yaunganishwe mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali. Ikiwa kwa lishe bora na matunzo vifo vya mbwa vitapungua kutoka 40 hadi 25 katika 100, kijiji kile kile, kwa chanjo zile zile 210, kitabaki na mbwa wapatao 158 wenye kinga mwishoni mwa mwaka badala ya 126. Hakuna sindano iliyoongezwa wala shilingi ya chanjo. Dagaa katika sufuria ya mbwa wamefanya kazi ya mchanjaji.

Kwa hesabu hiyo hiyo inaeleweka kwa nini kuwaua mbwa ovyo hakusaidii. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997. Mbwa kwa maelfu mengi waliuawa, na ugonjwa uliendelea. Auaye huwaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na watu hujaza mapengo upesi kwa watoto wa mbwa kutoka mahali pengine, pengine wakiwa tayari wameambukizwa. Pemba ilionyesha njia ya pili. Kwa chanjo za mfululizo ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, chanjo zikarudiwa, na ukakomeshwa mwaka 2018. Kisiwa kina bahari kama ukuta, lakini hata ukuta huo ulipitwa.

Hasara ya kutowajali mbwa wa vijijini haiishii kwa watu. Katika Serengeti makundi ya mbwa mwitu wa Afrika yaliyokuwa yakichunguzwa yalitoweka kufikia mwaka 1991, baada ya kichaa cha mbwa kuthibitika miongoni mwao. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, iliwaua karibu theluthi moja ya simba wa eneo hilo. Lugha ya mifugo haina neno la hasara hiyo, lakini Hifadhi ya Taifa inayo.

Wakati elimu hiyo ikijengwa, mtu aumwaye hasubiri. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apewe chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna aponaye.

Masomo na kazi

Katika vyuo vya Afrika Mashariki, mwanafunzi apendaye njia hii hupitia Sayansi ya Wanyama ya kawaida: kemia ya viumbe, fiziolojia, urithi, lishe, takwimu, ustawi wa wanyama. Atajifunza tumbo la ng'ombe kwa miezi mingi kabla ya kuliona la mbwa, na asilalamike, kwani mizani ya chakula hujifunzwa vizuri mahali ambapo kila gramu ina bei. Nafasi yake hutokea katika mradi wa mwaka wa mwisho, ambapo anaweza kuchagua mbwa wa kata fulani badala ya kuku. Huko Morogoro ataona pia kwamba tabia ya mnyama hufundishika kwa kanuni: tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu, kwa mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha ndizi au karanga.

Kazi, kusema kweli, bado si nyingi. Zipo katika viwanda vya vyakula vya mifugo, katika vikosi vya mbwa wa polisi na wa hifadhi, katika mashirika ya ustawi wa wanyama, katika utafiti wa kichaa cha mbwa, na katika miji ambako watu wafugao mbwa na paka kwa gharama wanaongezeka. Halmashauri ya wilaya inayoajiri mtaalamu kwa ajili ya mbwa peke yake haipatikani kwa urahisi. Kwa kawaida kazi hiyo hubebwa na afisa mifugo mwenye ng'ombe 10,000 wa kuwahudumia.

Walimu wa Hisabati na Bayolojia wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili, ambalo halihitaji kumkaribia mbwa yeyote. Wachanjaji wamewafunga ukosi mwekundu mbwa 240 waliochanjwa katika kijiji kimoja. Kesho yake asubuhi, wakipita njia zote za kijiji, wanahesabu mbwa 60, na 45 kati yao wana ukosi. Kijiji kina mbwa wangapi? Je, jibu hilo linaaminika, madhali watoto wa mbwa hawaonekani njiani? Kisha, kwa kudhani kwamba jumla ya mbwa haibadiliki na kwamba kinga ya mbwa aliye hai haichakai, itafutwe ni mwisho wa mwaka wa ngapi kinga ya kijiji itakuwa imeshuka chini ya 33 katika 100 ikiwa mbwa 35 katika kila 100 hufa kila mwaka. Na itafutwe tena kwa mbwa 20.